Faili la Meno Lisafiri na Mgonjwa

Uhamisho wa kikazi ukishatoka, kila nyumba hujua pa kuanzia. Shule ya watoto hutafutwa, barua za uhamisho hugongwa mihuri, godoro hufungwa kamba, mwenye lori hupewa kianzio. Mambo ya hospitali husemwa mwisho, na mara nyingi huishia kwenye kadi ya bima. Vyuma vilivyo mdomoni mwa binti wa kidato cha pili havikumbukwi mpaka familia iwe imeshahamia, waya uchomoke usiku na kuanza kumchoma shavu kwa ndani. Hapo mama hushika simu na kuuliza kila anayemjua: jamani, huku kuna daktari wa kupanga meno?

Mimi nimelisikia swali hilo Dodoma kuliko mahali pengine. Tangu Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote ihamie makao makuu, wizara zimehama, watumishi wamezifuata na watoto wamewafuata wazazi. Madaktari bingwa wa kupanga meno hawakuhama kwa kasi hiyo. Hapa Tanzania wengi wao wako Dar es Salaam, kama ambavyo Kenya wengi wako Nairobi, na mtoto wa Kigoma, Songea au Lodwar anayevaa vyuma aghalabu alivifungiwa mbali na kwao. Matibabu yenyewe huchukua kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wakati mwingine zaidi. Katika muda huo mtumishi huhamishwa, mkataba wa kazi huisha, kijana humaliza shule na kwenda chuo mkoa mwingine. Kubadili daktari katikati ya matibabu si jambo la nadra, na wala si kosa la mtu.

Kosa liko kwenye namna tunavyobadili. Mtoto anapelekwa kwa daktari mpya akiwa na meno yake tu, bila karatasi hata moja kutoka kwa yule wa kwanza, na sote tunaona ni kawaida. Nasema haifai. Faili la matibabu lazima lisafiri na mgonjwa, na kazi ya kulisafirisha ni ya daktari anayeachwa, si ya mama anayebembeleza kwa simu kila asubuhi.

Ili kuelewa kwa nini nalishikilia jambo hili, inabidi kujua meno yanavyosogea. Dozi ya malaria iliyoanzia zahanati ya Temeke inaweza kumaliziwa Kondoa na tabibu yeyote anayeweza kusoma kasha la dawa. Meno hayako hivyo. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa. Limeshikiliwa na nyuzi laini zilizo kati ya mzizi na taya. Waya ukilisukuma, upande unaobanwa mfupa huliwa taratibu na chembe za mwili wenyewe, na upande unaoachwa wazi chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Hivyo jino husogea, takriban milimita moja kwa mwezi. Ukilisukuma kwa nguvu ili uwahi, mzizi wenyewe unaweza kuanza kulika na kufupika, na mzizi uliofupika haurudi. Kwa hiyo kila waya ni hatua ya mpango. Nyaya za mwanzo ni nyembamba, za mchanganyiko wa nikeli na titani, ambazo hulirudia umbo lake la awali zikipata joto la mdomo. Za baadaye ni nene, za chuma kigumu, kwa ajili ya kufunga mapengo na kuweka meno sawa. Daktari anajua kwa nini ameweka huu leo na ni upi atauweka mgonjwa akirudi baada ya wiki sita. Ujuzi huo umo kichwani mwake na kwenye faili lake. Mdomoni yanaonekana matokeo tu.

Niliyaona haya kwa karibu dada yangu alipohamishiwa Dodoma, binti yake akiwa nusu ya matibabu. Kliniki ya kwanza iliahidi kutuma taarifa na haikutuma. Tukaenda kwa daktari mpya, mtu mpole asiye na haraka. Akamlaza binti kwenye kiti, akavuta taa, akamwomba aume meno ya nyuma. Akatazama kimya kwa muda, kisha akaanza kuuliza.

“Mama, hivi vimpira alikuwa anavaa kutoka jino gani kwenda jino gani?”

Dada akamgeukia binti. Binti akaonyesha kwa kidole upande wa kulia, halafu akabadilisha.

“Alikuwa anavaa usiku tu, au mchana kutwa?”

“Walisema usiku, daktari. Nadhani ni usiku.”

“Na haya mawili ya juu yaling'olewa ili kupata nafasi, au yalikuwa yameoza?”

Dada akanyamaza. Ni mtu wa kutunza karatasi, hata risiti za maji anazo, na za kliniki ile alikuwa nazo zote kwenye mkoba. Zilionyesha alicholipa. Hazikuonyesha kilichofanyika.

Daktari akachukua kipande cha waya kwa koleo, akakijaribu kwenye kijichuma kimoja. Kikacheza ndani. Akachukua kingine kinene zaidi. Baadaye alitueleza alichokuwa anatafuta. Vijichuma vinavyogundishwa kwenye meno vina mfereji mdogo wa kupitishia waya, na vipimo vinavyotumika sana duniani ni viwili: inchi 0.018 na inchi 0.022. Tofauti yake ni sehemu ya kumi hivi ya milimita. Jicho haliioni, lakini jino linaihisi, maana waya usiojaa kwenye mfereji wake hauwezi kuliamrisha jino ligeuke inavyotakiwa. Tena tangu miaka ya 1970, Lawrence Andrews wa California alipoleta vijichuma ambavyo mwelekeo wa kila jino umeshachongwa ndani yake, kila aina ina pembe zake. Ukitoa kijichuma cha aina moja na kuweka cha aina nyingine kwenye waya uleule, jino litageuka kidogo hata kama hukukusudia. Daktari asiyejua amekuta mfumo gani ana njia mbili: akisie, au abandue vyote aanze upya. Njia ya pili ni salama zaidi, na ndiyo inayovunja kibubu cha mzazi.

Swali la meno yaliyong'olewa ndilo lenye uzito kuliko yote, na naomba wazazi walisikie. Kung'oa magego madogo manne, mawili juu na mawili chini, ni mpango mmoja. Kung'oa mawili ya juu peke yake ni mpango mwingine, ambao kwa kawaida maana yake ni kwamba daktari aliamua kuyarudisha nyuma meno ya mbele na kuyaacha magego ya nyuma yaumane yalivyo. Kila jino lililotoka limeacha nafasi ya milimita saba hivi, na nafasi hiyo inaweza kufungwa kwa kuvuta ya mbele yaje nyuma, au kwa kuvuta ya nyuma yaje mbele. Anayepokea asipojua mwenzake alikusudia nini, anaweza kuifunga kwa upande usio wake. Ikishafungwa hivyo, kuifungua ni kumtesa mtoto mwaka mwingine mzima. Eksirei ya pembeni ya kichwa na mifano ya meno ya plasta iliyochukuliwa kabla ya kuanza ndiyo inayoonyesha uso na taya vilikuwaje siku ya kwanza. Hali ile haipigiki picha tena. Kliniki ikizipoteza, au ikikataa kuzitoa, hakuna eksirei mpya itakayorudisha kilichokuwepo.

Kwa watoto wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara kuna jambo jingine linalohitaji kuandikwa. Sehemu nyingi za huko maji yana floraidi nyingi, na meno hukua yakiwa na madoa ya kahawia, na yakizidi huwa na vishimo. Gundi ya vijichuma hushika kwa shida kwenye jino la namna hiyo. Daktari wa kwanza akishayajua meno ya mtoto huyo, hubadilisha namna ya kuyaandaa kabla ya kugundisha. Asipoliandika hilo, wa pili ataona vijichuma vinadondoka kila baada ya wiki mbili na atadhani mtoto anakula miwa na bisi. Binti wa watu anagombezwa kwa miwa ambayo hajaitafuna.

Tuje kwenye fedha, kwa sababu ndiko ugomvi unakoanzia. Kwa familia nyingi gharama hii hutoka mfukoni. Kliniki hutaja bei moja ya kazi nzima, mzazi hulipa sehemu kubwa mwanzoni na kinachobaki hukilipa kidogo kidogo kila anapomleta mtoto. Hakuna anayeuliza: tukihama katikati, itakuwaje? Siku ya kuhama, mzazi anasema nimelipa karibu zote na kazi ni nusu, kwa hiyo nirudishiwe nusu. Daktari naye anasema vifaa nimeshavinunua na kuvifunga, nikurudishie nini? Wote wawili wana hoja. Uchunguzi, mpango na kufunga vyuma ndiko kuliko na gharama kubwa, kwa hiyo nusu ya muda si nusu ya bei. Lakini miezi ambayo mtoto hataonwa, siku ya kuvua vyuma na ritena za kuvaa baadaye ili meno yasirudi yalikotoka ni kazi ambayo haijafanyika, na fedha yake ikishapokelewa inastahili kurudi. Ugomvi huu unamalizwa na karatasi moja inayosainiwa siku ya kwanza, ikionyesha bei ya uchunguzi peke yake, ya kufunga peke yake, ya kila hudhurio, na ya kuvua pamoja na ritena. Daktari anayejua hesabu zake hashindwi kuiandika.

Wanaodhani shida hii ni ya nchi maskini watazame kilichotokea Marekani. Kampuni ya SmileDirectClub, yenye makao yake Nashville, Tennessee, ilianza mwaka 2014 ikiwatumia watu kwa posta vifuniko vya plastiki angavu vya kunyoosha meno, bila mteja kukaa kwenye kiti cha daktari kila mwezi kama ilivyo desturi. Septemba 2023 iliomba kinga ya mufilisi. Desemba mwaka huohuo ikafunga milango. Watu waliokuwa katikati ya matibabu waliambiwa kwamba oda ambazo hazijatumwa zimefutwa, kwamba ile dhamana ya maisha waliyoahidiwa haipo tena, na kwamba waliokuwa wanalipa kwa awamu waendelee kulipa. Nchi yenye mawakili wengi na madaktari bingwa wengi, na bado maelfu ya watu waliachwa na meno yaliyosogezwa nusu, wakitafuta mtu wa kuyamalizia. Kilichowakosesha raha ni kilekile kilichomkosesha raha dada yangu: matibabu yao yalikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na wao wenyewe hawakushika chochote.

Na sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayompa mtu pia haki ya kuomba taarifa zake zihamishwe kutoka kwa anayezishika kwenda kwa mwingine. Taarifa za afya zimo humo, tena kwenye kundi linalolindwa zaidi. Kliniki ina sababu nzuri ya kubaki na faili halisi, kwa sababu siku moja inaweza kuulizwa ilifanya nini. Nakala hazina sababu ya kuzuiwa. Kumwambia mzazi “lipa deni kwanza ndipo upate eksirei za mtoto” ni kutumia taya la mtoto kama rehani, na daktari anayejiheshimu hapaswi kusema hivyo. Deni lina njia zake za kudaiwa.

Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kina fomu maalumu ya uhamisho, na mtu akiisoma anaona mara moja kwamba jambo hili halihitaji mtambo wala fedha. Inauliza tatizo lilikuwa nini, mpango ulikuwa upi, vijichuma ni vya aina gani na mfereji wake ni wa kipimo gani, waya uliopo sasa ni upi, mgonjwa anashirikiana vipi, kazi iliyobaki ni ipi, na fedha zimelipwa kiasi gani. Ukiweka juu yake eksirei za mwanzo na picha za uso na za meno, daktari mpya ana pa kushika. Kuijaza ni kazi ya dakika chache kwa mtu aliyemtibu mtoto huyo mwenyewe. Sisi hatuhitaji hata kuitafsiri neno kwa neno. Wataalamu wetu wakae, waandike ya kwao, waongeze na lile swali la floraidi.

Wapo pia wanaobadili daktari bila kuhama mji. Muda umepita, pengo lipo palepale, imani imekwisha. Kwa hao ushauri wangu ni mwingine kidogo. Kabla ya kuondoka, kaa na daktari wako umwombe akuonyeshe mpango na mahali mlipofika. Mara nyingi ucheleweshaji una sababu inayojulikana nyumbani: miadi iliyorukwa, vimpira vinavyolala kwenye begi la shule. Ukitaka maoni ya pili, yatafute, hiyo ni haki yako na daktari mzuri haikasirikii. Lakini kama hawezi kukuonyesha eksirei ya mwanzo, kama kila ukija anayemshika mtoto ni mtu mwingine asiyejua alichofanya aliyemtangulia, au kama jina lake halimo kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika, ondoka. Ondoka ukiwa umeaga na umeomba nakala. Anayetoroka kimya kimya hujinyima barua aliyostahili.

Kwa madaktari wanaopokea nina ombi. Meno yaliyo katikati ya matibabu huweza kuonekana mabaya kuliko yalivyoanza, kwa sababu mapengo yamefunguliwa na mengine yamegeuzwa kwa makusudi. Msiseme mbele ya mtoto “nani amekuharibu hivi?” kabla hamjampigia mwenzenu simu. Daktari wetu wa Dodoma hakusema hivyo. Alipiga simu Dar es Salaam mwenyewe, siku ileile, na mambo mawili aliyoambiwa kwa mdomo yakaviokoa vijichuma vingi visibanduliwe.

Si kila anayehama lazima abadili daktari. Treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, safari ya Dar es Salaam ikawa ya saa tatu na nusu hivi, na hudhurio la meno ni la kila baada ya wiki nne hadi nane. Kama kilichobaki ni miezi michache ya kumalizia, naona heri mtoto aendelee na aliyemwanzisha, hata kwa kukata tiketi. Kama ndiyo kwanza vyuma vimefungwa, atafutwe daktari wa karibu mapema. Kibaya kuliko vyote ni kile ambacho familia nyingi huangukia bila kuamua: hazibaki kwa wa zamani na haziendi kwa mpya. Mtoto anakaa na vyuma mwaka mzima bila mwangalizi. Waya unaendelea kuvuta bila mtu wa kuusimamisha, chakula kinaganda pembeni ya vijichuma, ufizi unavimba, na siku vinapobanduliwa jino linabaki na mraba mweupe wa mwanzo wa kuoza. Wengine huvuliwa mahali popote na kuondoka bila ritena, meno yakaanza kurudi yalikotoka, kwa sababu nyuzi za fizi huchukua miezi mingi kuzoea mahali papya.

Baraza la Madaktari lina uwezo wa kuifanya barua ya uhamisho kuwa wajibu kwa kila anayefunga vyuma nchini, na ninaliomba lifanye hivyo, pamoja na kuagiza bei igawanywe kwa hatua kwenye mkataba wa kwanza. Wewe mzazi usilisubiri. Kama mwanao ana vyuma mdomoni leo, ukimpeleka tena kliniki omba nakala ya mpango wa matibabu, eksirei za mwanzo na kipimo cha mfereji wa vijichuma vyake. Ziombe sasa, kabla barua yoyote ya uhamisho haijatoka, wakati faili bado lipo na wewe na daktari bado mnaelewana.